Calypso, Kaiso na Mashua Iliyopita Ituru

Jina la Calypso latajwa leo katika mambo matatu yasiyofanana. Msomaji wa fasihi ya kale hulikuta katika utenzi wa Homer, ambamo ni jina la mwanamke wa kiungu aliyeishi kisiwani mbali na watu. Mpenzi wa muziki hulijua kuwa ni jina la nyimbo za Trinidad zilizoenea katika visiwa vya Karibi na kupata sifa duniani. Na mtu aliyefuata habari za uchunguzi wa bahari hulikumbuka kuwa ni jina la merikebu ya Mfaransa Jacques-Yves Cousteau, iliyotembea bahari nyingi kwa muda wa miaka zaidi ya arobaini. Mtu akiyaona mambo hayo matatu chini ya jina moja hudhani upesi kwamba yamechipuka katika shina moja. Dhana hiyo yataka kuchunguzwa. Historia ya jina hili yaonyesha kwamba majina yaweza kufanana ilhali asili zake ni mbalimbali, na kwamba jina geni lenye sifa kubwa laweza kulifunika jina la wenyeji hata likasahauliwa.

Uchunguzi wa namna hiyo si kazi ya watu wa pwani na visiwa peke yao. Mkoa wa Singida uko katikati ya Tanzania, na kutoka mji wake hata Dar es Salaam ni mwendo wa kilomita zipatazo 700 kwa barabara. Hata hivyo, mwaka 1875 mashua yenye jina la mwanamke ilipita katika nchi ya Ituru, iliyo sehemu ya mkoa huo, nayo ilikuwa mabegani mwa wapagazi. Habari ya mashua hiyo ikiwekwa karibu na habari ya Calypso, zote mbili zauliza swali moja: ni nani atoaye jina, na jina lile lafunika nini?

Yafaa kuanza na Wayunani. Utenzi uitwao Odyssey, ambao wataalamu wengi huuweka katika karne ya nane kabla ya Kristo au karibu na hapo, wasimulia safari ya Odysseus, mfalme wa kisiwa cha Ithaca. Alipigana miaka kumi katika vita vya Troy, kisha akatangatanga miaka mingine kumi kabla ya kufika kwake. Katika miaka hiyo kumi ya mwisho, saba aliikaa katika kisiwa cha Ogygia, nyumbani kwa Calypso. Jina lake lina uhusiano na kitenzi cha Kiyunani chenye maana ya kufunika au kuficha. Tendo lake lalingana na jina lake, kwani alimficha mgeni wake mbali na macho ya ulimwengu. Huko Ithaca mkewe Penelope na mwanawe Telemachus hawakujua kama yu hai au amekufa, na kwa sababu hiyo hawakuweza kumlia kama maiti wala kumngojea kwa matumaini timilifu.

Calypso hakuwa katili. Alimpenda Odysseus, akamlisha, akamwahidi kumfanya asife wala asizeeke. Lakini Odysseus aliketi ufuoni kila siku akitazama bahari na kulia, kwa kuwa alitaka kurudi kwake, ingawa alijua kwamba huko kwao kuna uzee na kifo. Mwishowe miungu ilimtuma Hermes kumwamuru Calypso amwache mtu huyo aende zake. Naye akatii, akampa shoka, tezo na keekee, akamwonyesha miti. Odysseus akakata miti ishirini, akaichonga, akaitoboa na kuiunga pamoja. Mafundi wa vyombo wa Lamu au wa Zanzibar wangeifahamu kazi hiyo mara moja, kwa maana vyombo vile vile vilikuwa mikononi mwao karne nyingi baadaye.

Katika utenzi huo huo mna jambo jingine lisilotajwa sana, nalo ndilo litakaloiunganisha habari hii na nchi ya bara. Odysseus alipokwenda kuzimu kuuliza njia, mzimu wa mwaguzi Teiresias ulimwambia kwamba akisha kufika kwake, safari yake haitakuwa imekwisha. Itampasa kutwaa kasia, alichukue begani, na kwenda bara mpaka afike kwa watu wasiojua bahari, wasiokula chakula chenye chumvi, wala wasiojua merikebu. Dalili ya kufika itakuwa hii: msafiri atakayekutana naye njiani ataliona kasia lile na kulidhani kuwa ni chombo cha kupepetea nafaka. Hapo ndipo alisimike ardhini na kumtolea sadaka mungu wa bahari.

Mshairi wa kale alilifikiria jambo hilo kuwa ni ukomo wa ajabu: chombo cha bahari katika nchi isiyo na bahari. Katika Afrika ya Mashariki ya karne ya kumi na tisa jambo kama hilo lilitendeka kweli, wala haikuwa kasia moja. Ilikuwa mashua nzima, makasia yake pamoja na mbao zake.

Mwaka 1874 Henry Morton Stanley alikuwa Uingereza akijitayarisha kuvuka Afrika kutoka bahari ya mashariki hata ya magharibi, kwa gharama ya magazeti mawili, moja la London na moja la New York. Mojawapo ya nia zake ilikuwa kuyazunguka maziwa makubwa. Akamwagiza fundi James Messenger wa Teddington, kando ya mto Thames, amuundie mashua ya mbao za mwerezi. Urefu wake ulikuwa futi 40, upana futi 6, na kina inchi 30. Iliundwa ili iweze kukatwa vipande vitano na kuchukuliwa na watu. Ilipofika Zanzibar ilionekana kwamba vipande vilikuwa vizito mno kwa wapagazi, ikabidi vikatwe upya. Mashua ikaitwa Lady Alice, kwa heshima ya Alice Pike, msichana wa Marekani ambaye Stanley alikuwa amepatana naye kumwoa atakaporudi.

Msafara uliondoka Bagamoyo tarehe 17 Novemba 1874, wenye watu zaidi ya 300. Walio wengi walikuwa Waungwana wa Zanzibar na Wanyamwezi. Wazungu walikuwa wanne tu: Stanley mwenyewe, Frederick Barker, na ndugu wawili, Francis na Edward Pocock. Baada ya kuvuka Ugogo msafara haukuifuata njia ya kawaida ya Unyanyembe, ambayo wafanya biashara waliizoea kwa miaka mingi, bali ulielekea kaskazini-magharibi kulitafuta ziwa Nyanza kwa njia fupi. Njia hiyo ndiyo iliyowaingiza katika nchi ambayo leo ni mkoa wa Singida.

Njaa ilikuwa kali, na maradhi yalikuwa mengi. Tarehe 17 Januari 1875 Edward Pocock alikufa kwa homa mahali ambapo Stanley alipaandika Chiwyu. Siku chache baadaye msafara ukafika Vinyata, katika Ituru. Huko Kaif Halek, mtu aliyeuchukua mfuko wa barua za Livingstone katika safari ya mwaka 1871, alibaki nyuma kwa ugonjwa, akauawa. Kisha kukatokea vita vya siku tatu kati ya msafara na Wanyaturu. Sababu zake zajulikana kwa maneno ya upande mmoja tu, yaani ya Stanley, ambaye alivieleza vita hivyo kuwa ni vya kujilinda, kisha akaeleza pia jinsi watu wake walivyotumwa kuchoma vijiji na kutwaa nafaka. Watu zaidi ya ishirini wa msafara waliuawa. Idadi ya Wanyaturu waliouawa haijulikani kwa hakika.

Kwa maelezo ya Stanley mwenyewe, watu wake walijenga boma la miiba, na ndani yake wakavipanga vipande vya Lady Alice viwe ngome ya mwisho, endapo boma la nje lingevunjwa. Hivyo mashua iliyoundwa kando ya Thames, kabla haijagusa maji ya ziwa lolote la Afrika, ilifanywa ukuta katika nchi ya wakulima na wafugaji. Teiresias aliagua kwamba kasia litadhaniwa kuwa chombo cha kupepetea. Watu wa Ituru, ambao uwele na mtama wao hupepetwa kwa ungo, hawakuachiwa nafasi ya kudhani lolote la amani juu ya mbao zile.

Katika jambo moja uaguzi wa Teiresias hauifai Singida kabisa. Alisema kwamba watu wasiojua bahari hawajui chumvi pia. Lakini Singida ni nchi ya maziwa ya magadi na chumvi. Singidani na Kindai yako kando ya mji wenyewe, na maji yake si matamu. Mshairi wa Uyunani alifikiri kwamba kila chumvi hutoka baharini, kwa hiyo aliye mbali na bahari amekosa vyote viwili. Ndiyo desturi ya mtu wa pwani, awe wa Ithaca au wa Mrima: huipima nchi ya bara kwa vitu vilivyopungua huko, asiulize vilivyomo.

Hata majina ya wenyeji yalifika vitabuni kwa njia ya wageni. Stanley aliwaandika watu wa sehemu moja kuwa Warimi, na wa sehemu nyingine kuwa Wanyaturu, kana kwamba ni mataifa mawili. Wenyewe hujiita Arimi, na lugha yao Kirimi. Ituru ni jina la nchi, na Wanyaturu ni jina walilopewa kwa kufuata nchi hiyo. Serikali za baadaye zilishika jina la Turu, likaingia katika vitabu vya kodi, katika ramani na katika maandishi ya wataalamu. Jina hilo si la matusi wala si la uongo. Lakini mwanafunzi anayesoma habari za Wanyaturu pasipo kujua jina la Arimi amekwisha kuingia katika kisiwa cha Calypso. Kitu kipo, ila kimefunikwa.

Mashua yenyewe iliendelea na safari. Tarehe 27 Februari 1875 msafara ulifika Kagehyi, kusini mwa Nyanza, na Lady Alice ikaungwa. Kuanzia mwezi wa Machi hata mwezi wa Mei ililizunguka ziwa lote. Mwaka 1876 ililizunguka ziwa Tanganyika. Kisha ikateremka mto Kongo kwa miezi mingi, ambako Francis Pocock alikufa maji, na watu wengi wengine pamoja naye. Nahodha wake mashuhuri alikuwa Uledi, mtu wa Zanzibar, ambaye aliokoa roho za watu wengi waliokuwa wakizama. Tarehe 31 Julai 1877, juu ya maporomoko ya Isangila, mashua ikaachwa juu ya mwamba ioze. Safari iliyobaki hata Boma ilikuwa ya miguu. Karibu na mwisho huo mmoja wa manahodha, Safeni, alipoambiwa kwamba bahari imekaribia, alishikwa na wazimu wa furaha, akaingia msituni na kasuku wake begani, asionekane tena. Waliosalia, watu zaidi ya mia moja, walizungushwa kwa merikebu kupitia kusini mwa Afrika, wakafika Zanzibar mwezi wa Novemba 1877, baada ya miaka mitatu.

Na Alice Pike? Mwezi wa Januari 1876, mashua yenye jina lake ilipokuwa ingali katika nchi za maziwa, yeye aliolewa na mtu mwingine, Albert Barney. Stanley hakupata habari mpaka safari ilipokwisha. Penelope wa Homer alingoja miaka ishirini, ila Alice hakungoja hata miwili, wala hapana sababu ya kumlaumu. Jambo la kuangaliwa ni hili: jina la msichana ambaye hakuikanyaga Afrika safarini humo lajulikana kwa kila msomaji wa habari za Kongo, ilhali majina ya wengi walioichukua mashua kwa mabega, kutoka Bagamoyo hata Nyanza, hayajulikani. Waliojulikana ni manahodha na wanyapara, au wale waliokufa kwa namna iliyomshangaza mwandishi.

Kama jina laweza kufunika watu juu ya mashua, laweza pia kufunika neno ndani ya lugha. Ndivyo ilivyokuwa katika Trinidad. Kisiwa hicho kilikuwa cha Wahispania. Baada ya mwaka 1783 walikuja walowezi wengi wenye kusema Kifaransa pamoja na watumwa wao, na mwaka 1797 Waingereza wakakiteka. Watumwa waliotoka hasa Afrika ya Magharibi walikuja na desturi ya wimbo wa kuongozwa na mmoja na kuitikiwa na wengi, wimbo wa kusifu, wa kudhihaki na wa kuyatangaza mambo ya mtaani. Utumwa ulipokwisha, katika miaka ya 1834 hata 1838, nyimbo hizo zilitoka uwanjani mwa shamba zikaingia katika sherehe za mjini kabla ya Kwaresima. Serikali iliziogopa. Mwaka 1881 palitokea mapigano makubwa kati ya polisi na wachezaji, na sheria ya mwaka 1884 ikabana upigaji wa ngoma. Watu wakabuni njia nyingine: wakapiga vipande vya mianzi, na baadaye, katika miaka ya 1930 na ya 1940, wakafua mapipa ya chuma mpaka yakatoa sauti.

Nyimbo hizo ziliitwaje? Wenyeji waliziita kaiso, na hata katika siku za baadaye hadhira ya Trinidad ikipendezwa na mwimbaji humpigia ukelele wa kaiso. Wataalamu wamebishana juu ya asili ya neno hilo. Wengi wamelitafuta katika lugha za Afrika ya Magharibi, wengine kwa Wahausa, wengine kwa Waefiki na Waibibio, na wachache wamelitafuta katika Kihispania au Kifaransa. Lakini maoni yenye nguvu hayalitoi katika utenzi wa Homer. Ni kwamba, karibu na mwaka 1900, nyimbo zilipoanza kuimbwa kwa Kiingereza na kuandikwa magazetini, waandishi waliosoma shuleni walilisikia neno la watu wa kawaida, wakaliandika kwa tahajia ya neno walilolijua kitabuni. Kaiso ikawa calypso. Jina lenye maana ya kuficha likalificha neno la watu waliovushwa bahari kwa nguvu. Hapana mtu aliyekusudia mzaha huo, na pengine kwa sababu hiyo ulidumu.

Wasomaji wa Kiswahili hawana haja ya kwenda mbali kupata mfano wa jambo hilo katika muziki. Mwimbaji mkubwa wa taarabu ya Kiswahili alizaliwa Fumba, Unguja, katika jamaa ya watu wa chini, akaitwa Mtumwa binti Saad. Jina la Siti, ambalo asili yake ni Kiarabu lenye maana ya bibi mwenye heshima, alipewa baadaye, sifa yake ilipoenea mjini. Kwa jina hilo alikwenda Bombay kutiwa sauti katika sahani za santuri kuanzia mwaka 1928, na kwa jina hilo Shaaban Robert aliandika wasifu wake. Nyimbo zake zilifanana na kaiso kwa kazi ingawa hazikufanana kwa sauti: zote mbili zilitangaza hukumu za mahakama, fitina za mitaa na udhalimu wa wakubwa kwa watu wasiosoma gazeti. Waimbaji wa Trinidad nao walijipachika majina ya ukubwa, kama Atilla the Hun, Roaring Lion, Lord Kitchener na Mighty Sparrow. Mnyonge alijivika ubwana kwa jina, akausema ukweli nyuma ya pazia hilo. Lakini tofauti ipo, nayo ni ya maana. Siti na Sparrow walivaa majina mapya kwa hiari yao, nayo yakawainua. Kaiso ilivishwa jina na mkono wa mwingine.

Mwaka 1956 jina hilo la kuvishwa lilipata nguvu kubwa. Harry Belafonte, mzaliwa wa New York mwenye wazazi wa asili ya Jamaica, alitoa santuri ndefu iitwayo Calypso, ikauzwa zaidi ya nakala milioni moja katika Marekani. Watu wa Trinidad hawakukosa kusema kwamba nyingi za nyimbo zilizomo zilikuwa za asili ya Jamaica, na kwamba kalipso yao haikuwa hivyo. Yaani neno lililoifunika kaiso sasa liliifunika pia mipaka ya visiwa. Hata hivyo Belafonte ana haki yake katika historia ya Afrika ya Mashariki. Yeye alikuwa miongoni mwa Wamarekani mashuhuri waliotia sahihi maombi ya fedha kwa ajili ya ndege iliyowachukua wanafunzi 81 wa Afrika ya Mashariki kwenda vyuo vya Marekani mwezi wa Septemba 1959, kwa juhudi za Tom Mboya. Na mwaka 1965, yeye na Miriam Makeba walitoa santuri ambayo ndani yake uliimbwa wimbo wa Malaika kwa Kiswahili. Hivyo mtu aliyeitwa mfalme wa kalipso, jambo ambalo Trinidad haikulikubali, alisaidia kulipeleka neno la Kiswahili katika nyumba ambazo Kiswahili hakijapata kusikika.

Mwaka huo huo wa 1956 jina lilitangazwa kwa njia ya tatu. Merikebu Calypso iliundwa kwa mbao huko Seattle, ikashushwa majini mwaka 1942, kwa kazi ya kuondoa mabomu ya baharini wakati wa vita. Baada ya vita ilifanywa kivuko kati ya visiwa vya Malta na Gozo. Watu wa Gozo husimulia kwamba kisiwa chao ndicho Ogygia ya Homer, na huonyesha pango juu ya ghuba ya Ramla kuwa ni nyumba ya Calypso. Kwa hiyo jina la merikebu halikutoka moja kwa moja kitabuni, wala halina nasaba na nyimbo za Trinidad. Lilitoka katika simulizi za wenyeji wa kisiwa, waliolitwaa jina la kitabu kuwa lao. Mwaka 1950 tajiri Loel Guinness aliinunua merikebu hiyo, akamkodisha Cousteau kwa faranga moja kwa mwaka, na Cousteau akaliacha jina kama alivyolikuta.

Merikebu hiyo ilifika katika bahari ambayo Waswahili huijua. Ilichunguza Bahari ya Shamu na Ghuba ya Uajemi, na katika miaka ya 1954 na 1955 ilikuwa katika Bahari ya Hindi, kwenye visiwa vya Ushelisheli na Aldabra, vilivyo mashariki ya pwani ya Tanzania. Picha zilizochukuliwa chini ya maji zilifanywa sinema iitwayo Le Monde du silence, ambayo ilipata tuzo kuu ya Cannes mwaka 1956. Mamilioni ya watu waliona kwa mara ya kwanza yaliyo chini ya mawimbi. Hapo jina liligeuka kinyume chake, kwani lile la kuficha likawa la kufunua. Lakini sinema hiyo yaonyesha pia wachunguzi wakiulipua mwamba kwa baruti ili wahesabu samaki, na wakiwaua papa kwa hasira. Cousteau mwenyewe baadaye alikuwa mtetezi mkubwa wa bahari, na wavuvi wa Tanzania wanajua kwa uchungu baruti inavyofanya kwa matumbawe. Kufunua, basi, si jambo la heri daima. Merikebu ilizama bandarini Singapore mwezi wa Januari 1996 baada ya kugongwa na tishari, kisha ikaopolewa. Mwenyewe alifariki mwaka uliofuata.

Njia tatu za jina moja zimekwisha kuonekana. Ya kwanza ni ya utenzi, na hiyo ndiyo yenye haki ya uzazi. Ya pili ni ya wimbo, nayo si ndugu wa kwanza kwa damu ila kwa nguo, maana ni neno jingine lililovishwa tahajia ya Kiyunani. Ya tatu ni ya merikebu, nayo ni ndugu kwa njia ya simulizi za Gozo. Mtu atakayeandika kwamba kalipso ya Trinidad ilipewa jina la mwanamke wa Ogygia atakuwa amesema jambo lenye kupendeza sikioni, lakini atakuwa amewanyima watu wa Trinidad neno lao. Wahenga husema kwamba si kila king'aacho ni dhahabu. Na katika elimu ya majina, si kila kifananacho ni jamaa.

Mambo haya yana faida gani kwa wanafunzi wa Singida na wa mikoa mingine ya bara? Yapo majina mengi katika vitabu vya wasafiri ambayo yangali yakingoja kufunuliwa kama kaiso ilivyofunuliwa. Chiwyu ni wapi katika matamshi ya wenyeji? Vita vya Vinyata vilisimuliwaje na wajukuu wa waliovipigana? Maswali hayo hayajibiwi kwa kusoma kitabu cha Stanley mara ya pili. Hujibiwa kwa Kirimi na Kinyiramba, vijijini, kwa wazee, kwa uvumilivu na kwa kulinganisha neno na neno.

Kazi hiyo yawezekana, na ushahidi upo. Mwanzoni mwa karne ya ishirini, Wajerumani walipotawala, Wanyaturu walikuwa na mwanamke mwaguzi, Liti Kidanka, aliyewaongoza katika kupinga utawala huo. Masimulizi ya Singida yasema kwamba aliwatuma nyuki wawapige askari. Maandishi ya watawala yangaliweza kumwacha afichike, awe uvumi tu wa wakati wa fujo. Lakini jina lake lilitunzwa vinywani mwa watu, wataalamu wakaja kuliandika, na baadaye likasikika hata katika uwanja wa mpira wa mjini Singida. Calypso alimficha mtu miaka saba, naye akamwachilia kwa amri ya miungu. Jina la Liti halikungoja amri ya mungu wala hisani ya msafiri. Lilibaki kwa sababu watu wa nyumbani hawakuacha kulitaja.